Dini ya Jirani: Asili na Imani ya Uislamu

Siku ya Ijumaa, ipatapo saa saba mchana, mkulima aliyetoka Moiben au Ziwa kuja mjini Eldoret kununua mbolea au vipuri vya trekta aweza kukuta baadhi ya maduka yamefungwa. Akiuliza, huambiwa kwamba mwenye duka amekwenda msikitini na kwamba atarudi baada ya kitambo kidogo. Wako wangojao kwa uvumilivu, na wako waondokao wakinung'unika kwamba watu hawa huacha kazi katikati ya mchana. Na katika hao wanung'unikao ni wachache wawezao kueleza mwenye duka amekwenda kufanya nini, wala kwa sababu gani iwe Ijumaa na si siku nyingine.

Jambo hili lastaajabisha, kwa kuwa Waislamu si wageni wa jana katika mji huu. Mji ulianzia kwenye shamba nambari 64, hata wenyeji wakauita Sisibo kwa kulitamka neno la Kizungu la hesabu hiyo. Ukapewa jina la Eldoret mwaka 1912, reli ikaufikia mwaka 1924, na mwaka 2024 ukatangazwa kuwa jiji. Wafanyabiashara, mafundi, madereva na makarani wa Kiislamu wamo miongoni mwa wakazi wake. Lakini mtu aweza kukaa na jirani yake miaka thelathini, wakaazimana jembe na chumvi, asijue jirani huyo aamini nini.

Ujinga wa namna hiyo una hatari yake. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wa Al-Shabaab waliingia katika chuo kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, wakiwatafuta hasa Wakristo. Wanafunzi waliosalimika waliletwa katika Chuo Kikuu cha Moi, karibu na Eldoret, ili waendelee na masomo yao. Baada ya msiba kama huo ni rahisi mtu kuitazama kanzu au buibui kwa jicho la shaka, na kumhesabia jirani mwema dhambi ya mwuaji asiyemjua. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue dini hii yenyewe yafundisha nini, mbali na yale yasemwayo na waovu walitumiao jina lake.

MANENO YALIYO VINYWANI MWA WOTE

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba Mkristo wa Uasin Gishu aombapo kwa Kiswahili, husema maneno yaliyotangulia kutumiwa na Waislamu. Sala, dua, imani, dhambi, rehema, baraka, malaika, nabii: yote haya asili yake ni Kiarabu, nayo yaliingia katika Kiswahili kwa njia ya Waislamu wa Pwani. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, aliyakuta maneno kama hayo yako tayari kwa kazi ya kutafsiri Maandiko. Hata kanisa, msalaba na Injili ni maneno ya asili ya Kiarabu. Naye karani ashikaye kalamu, akafungua daftari na kutia sahihi, ametumia maneno matatu ya asili hiyo hiyo kabla hajanywa chai ya saa nne.

Siku za juma nazo zaonyesha jambo hilo. Ijumaa maana yake ni siku ya kukusanyika, yaani kukusanyika kwa sala. Siku ifuatayo ndiyo ya kwanza ya juma jipya, ikaitwa Jumamosi, na hesabu ikaendelea mpaka Jumatano, siku ya tano. Kisha huja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu maana yake pia ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili. Ndiyo sababu juma la Kiswahili lina siku mbili za tano, zikifuatana.

MTUME MUHAMMAD NA MJI WA MAKKA

Makka ni mji wa Arabuni, katika nchi ya ukame na mawe. Zamani watu wake waliishi kwa biashara ya misafara ya ngamia. Katikati ya mji palikuwa na nyumba iitwayo Al-Kaaba, ambayo Waislamu huamini kwamba ilijengwa na Ibrahimu na mwanawe Ismaili kwa ajili ya kumwabudu Mungu mmoja. Lakini katika karne ya 6 ilikuwa imejaa masanamu, na makabila yalikuja kutoka mbali kuyaabudu.

Humo Muhammad alizaliwa karibu na mwaka 570, katika kabila la Kikureshi. Baba yake Abdullah alifariki kabla yeye hajazaliwa, na mama yake Amina alifariki angali mtoto wa miaka sita hivi. Akalelewa na babu yake, kisha na ami yake Abu Talib. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya biashara, na kwa uaminifu wake akaitwa Al-Amin, yaani Mwaminifu. Alipata miaka 25 alipomwoa Khadija, mwanamke mjane mwenye mali, aliyekuwa amemwajiri.

Ilikuwa desturi yake kujitenga katika pango la mlima Hira ili kutafakari. Mwaka 610, akiwa na umri wa miaka 40, Waislamu waamini kwamba malaika Jibrili alimtokea humo akamwamuru asome, ingawa hakujua kusoma wala kuandika. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake, kwa muda wa miaka 23, aliendelea kupokea maneno ambayo yakikusanywa pamoja ndiyo Kurani, kitabu chenye sura 114.

Mahubiri yake yalikuwa mepesi kuelewa, lakini magumu kwa wakubwa wa Makka kuyapokea. Alisema kwamba Mungu ni mmoja, kwamba masanamu si kitu, kwamba iko siku ya hukumu, na kwamba mwenye mali asimdhulumu yatima wala maskini. Wakubwa waliona kwamba akisikilizwa, ibada ya masanamu itakoma na faida ya mahujaji itapotea. Wakaanza kuwatesa wafuasi wake, hasa watumwa na watu wasio na jamaa wa kuwatetea. Mmoja wa watumwa hao alikuwa Bilali, mtu mweusi wa asili ya Habasha. Alilazwa juu ya mchanga wa moto akawekewa jiwe kifuani, asiikane imani yake. Baadaye akakombolewa na Abubakari, na ndiye aliyekuwa mwadhini wa kwanza katika Uislamu.

WAKIMBIZI WA HABASHA

Mateso yalipozidi, katika mwaka 615 hivi Muhammad aliwaambia baadhi ya wafuasi wake wavuke bahari waende Habasha, nchi ya Kikristo iliyo Ethiopia na Eritrea ya leo. Basi kimbilio la kwanza la Waislamu lilikuwa katika Afrika ya Mashariki, chini ya mfalme Mkristo, ambaye Waarabu walimwita Najashi.

Waandishi wa historia wa Kiislamu husimulia kwamba Wakureshi walituma wajumbe wenye zawadi nyingi kumwomba mfalme awarudishe watu hao. Mfalme hakukubali kutoa hukumu kabla ya kuwasikia washtakiwa. Akawaita mbele yake na maaskofu wake wakiwapo, akawauliza wanaamini nini. Jafari bin Abi Talib, ami yake Mtume akiwa ndiye baba yake, alisimama akaeleza, kisha akasoma maneno ya Kurani juu ya Mariamu na mwanawe Isa. Mfalme alipokwisha kusikia, aliwarudishia wajumbe zawadi zao, na wakimbizi wakakaa katika nchi yake kwa amani.

Mwaka 622 Muhammad mwenyewe alihama Makka akaenda mji wa Yathribu, ambao tangu hapo ukaitwa Madina. Kuhama huko ndiko Hijra, na kutoka mwaka huo Waislamu huhesabu miaka yao. Baada ya vita kadha, Makka iliingia mikononi mwake mwaka 630, na masanamu ya Al-Kaaba yakavunjwa. Alifariki Madina mwaka 632. Walioshika uongozi baada yake, mmoja baada ya mwingine, ni Abubakari, Umari, Uthmani na Ali. Shauri la nani aliyestahili kumrithi ndilo lililozaa makundi mawili makubwa, Wasuni na Washia. Waislamu wengi wa Kenya ni Wasuni wafuatao madhehebu ya Shafii. Na miongoni mwa Washia ni Ithnaashari, Mabohora, na Ismailia wamfuatao Aga Khan.

MAMBO SITA YA KUAMINI

Neno Uislamu maana yake ni kujisalimisha kwa Mwenyezi Mungu, na shina lake ni lile lile la maneno salamu na salama. Mwislamu hupaswa kuamini mambo sita: Mungu mmoja, malaika wake, vitabu vyake, yaani Taurati ya Musa, Zaburi ya Daudi, Injili ya Isa na Kurani, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, kwamba heri na shari zote zimo katika ujuzi na uwezo wa Mungu.

Hapa pana makosa mawili ambayo hurudiwa mara nyingi barazani. La kwanza ni kudhani kwamba Waislamu humwabudu Muhammad. Sivyo, wao humheshimu kuwa ni mjumbe wa mwisho, bali yeye ni mwanadamu aliyezaliwa akafa, na kumwabudu mwanadamu ni dhambi kubwa kupita zote kwao. La pili ni kudhani kwamba Allah ni mungu wa Waarabu peke yao. Neno hilo kwa Kiarabu maana yake ni Mungu, na Wakristo wa Misri na Lebanoni huliita jina hilo hilo katika makanisa yao.

Hata hivyo si haki kusema kwamba dini hizi mbili ni moja. Waislamu humwamini Isa kuwa nabii mkuu, mwana wa Mariamu aliyezaliwa bila baba, na sura ya 19 ya Kurani yaitwa kwa jina la Mariamu. Lakini hawakubali kwamba yeye ni Mwana wa Mungu, wala kwamba alisulubiwa akafa msalabani. Tofauti hiyo ni kubwa, nayo haifichiki. Watu wenye akili huijua, huitaja kwa adabu, na huendelea kusalimiana.

NGUZO TANO

Imani ya Mwislamu huonekana katika matendo matano yaitwayo nguzo. Ya kwanza ni shahada, yaani kukiri kwamba hapana mungu ila Mungu mmoja na kwamba Muhammad ni mtume wake.

Ya pili ni sala tano za kila siku: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Kabla ya kusali mtu hutawadha, yaani huosha uso, mikono na miguu, na kupaka kichwa maji. Kisha huelekea upande wa Makka uitwao kibla. Kwa mtu aliye Eldoret kibla ni kaskazini, kwa kuelekea mashariki kidogo. Siku ya Ijumaa sala ya adhuhuri husaliwa msikitini kwa mkusanyiko, baada ya hotuba, na ni lazima kwa wanaume. Ndiyo sababu duka hufungwa, na mwenyewe akiisha kusali aweza kurudi kazini kwake.

Ya tatu ni zaka, na nguzo hii yampasa mkulima wa mahindi na ngano kuitazama kwa makini, maana hesabu yake yaingia mpaka ghalani na zizini. Mwislamu aliyevuna nafaka iliyonyweshwa na mvua hutoa sehemu moja katika kumi. Ikiwa ameinywesha kwa taabu na gharama zake, hutoa sehemu moja katika ishirini. Basi avunaye magunia 100 kwa mvua hutoa 10, na kwa kunywesha hutoa 5. Mavuno yasiyofikia kipimo fulani hayatolewi kitu. Wanazuoni wengi hukisia kipimo hicho kuwa kilo 650 hivi, yaani zaidi kidogo ya magunia 7 ya kilo 90. Mwenye ng'ombe 30 walishao malishoni hutoa ndama mmoja wa mwaka mmoja, na mwenye 40 hutoa mtamba wa miaka miwili. Mbuzi au kondoo wakifika 40 hutolewa mmoja. Kwa fedha iliyozidi kiwango na kukaa mwaka mzima, hutolewa shilingi 25 katika kila shilingi 1,000. Mali hiyo ni haki ya maskini, wadaiwa, wasafiri waliokwama na wengineo waliotajwa, nayo haihesabiwi kuwa hisani ya tajiri.

Ya nne ni saumu ya mwezi wa Ramadhani. Tangu alfajiri mpaka jua kutua Mwislamu mzima hali, hanywi, wala hakutani na mkewe. Tena hupaswa kuuzuia ulimi wake na matusi na uwongo. Mgonjwa, msafiri, mzee asiyeweza na mwanamke mwenye mimba huruhusiwa kutofunga. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, nao ni mfupi kwa siku 11 hivi, Ramadhani huzunguka katika majira yote. Mwaka 2004 iliangukia Oktoba na Novemba, wakati wa kuvuna mahindi Uasin Gishu. Mwaka 2024 ilianguka Machi na Aprili, wakati wa kupanda. Mwajiri ajuaye hayo aweza kumpa mfungaji kazi nzito asubuhi, kabla jua halijawa kali, wala hapotezi kitu.

Ya tano ni Hija, safari ya Makka mara moja katika maisha kwa mwenye uwezo, katika mwezi wa Mfunguo Tatu. Wanaume huvaa vitambaa viwili vyeupe visivyoshonwa, hata tajiri asitambulikane na maskini.

Zaidi ya nguzo hizo ziko amri za maisha ya kila siku. Nguruwe, pombe na riba vimekatazwa. Mnyama huchinjwa kwa kutajiwa jina la Mungu. Na katika mazishi iko desturi moja ambayo imeleta manung'uniko bure. Maiti wa Kiislamu huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa, na huzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile, bila jeneza. Watu wa bara wamezoea kungoja siku nyingi ili jamaa wafike na michango ikusanywe. Jirani ajaye siku ya tatu na mchango wake, akakuta kaburi limekwisha fukiwa, asidhani kwamba amedharauliwa. Na aketi na wafiwa, awape pole. Kufika kwake ni heshima kwao.

KUTOKA PWANI MPAKA BARA

Uislamu ulifika Pwani mapema sana. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta watu wacha Mungu na misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri.

Kuingia bara kulichukua muda mrefu zaidi. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilipiga kambi Mumias kwa Nabongo Mumia, na watu wa nyumba yake wakasilimu. Kisha walikuja askari wa Kisudani waitwao Wanubi, ambao jamaa zao walikaa Kibera, Eldama Ravine na kwingineko. Reli nayo ilileta mafundi na wenye maduka kutoka Bara Hindi. Hivyo Mwislamu wa Eldoret aweza kuwa Mswahili, Msomali, Mnubi, Mhindi au Mluhya, na wako Wakalenjin pia. Katiba ya mwaka 2010 imeweka Mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka na urithi, pale ambapo pande zote ni Waislamu nao wakubali. Mkristo hapelekwi huko kwa nguvu. Eldoret nako mahakama hiyo iko.

KUULIZA KABLA YA KUHUKUMU

Tarehe 21 Desemba 2015, miezi minane baada ya mauaji ya Garissa, watu wenye bunduki walisimamisha basi karibu na El Wak, katika njia ya Mandera. Wakaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa, wakasema kwamba ikiwa ni kuua, na wauawe wote pamoja. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile, akafa kwa majeraha yake katika Januari 2016.

Wauaji walidai kwamba wanatenda kwa jina la Uislamu. Abiria nao walikuwa Waislamu. Mtu asiyeijua dini hii atawezaje kusema ni yupi kati yao aliyeifuata? Ajuaye japo kidogo hasumbuki kujibu.

Mfalme wa Habasha aliletewa mashtaka na zawadi juu ya watu asiowajua, naye akawaita akawauliza kwanza. Mkulima wa Uasin Gishu hana haja ya kuita baraza kama lile. Duka likifunguliwa tena saa nane, aweza kuingia, akamsalimu mwenyewe, akanunua mbolea yake, na kumwuliza hotuba ya leo ilihusu nini.